Mtungo wa Picha ya Saba

Juzi mdogo wangu alinipigia simu kuniarifu kwamba binti yake atatolewa ndani likizo ya mwezi wa sita, na kwamba mimi ndiye nitakayemfunga shanga. Hakuniuliza. Aliniambia kama mtu anavyoambiwa zamu yake ya kufagia. Bibi alikwishatangulia, mama na wadogo zake nao wamemfuata, na katika ukoo wetu kazi hiyo ni ya mwanamke mkubwa kuliko wote wa upande wa mama. Nilimjibu sawa. Kisha nikakaa jikoni mpaka maharage yakaungua, na yalipoungua nikayatukana kama vile yana masikio.

Shanga zenyewe ni za kiunoni. Najua mambo ya kiunoni kwetu hayaandikwi, na watakaonuna wanune. Nimekaa nalo jambo hili zaidi ya miaka ishirini na sasa nimechoka.

Mtungo ulitoka Mamboya, milimani, alikozaliwa bibi yangu mzaa mama. Misheni ilikuwa imepiga marufuku ngoma za wali, wasichana wanaowekwa ndani wakivunja ungo, tangu kabla hajazaliwa, na yeye mwenyewe alibatizwa, akaimba kwaya mpaka sauti ikamwisha, lakini mtungo ulibaki chini ya gauni, mahali ambapo mzee wa kanisa haangalii. Haukuvaliwa kila siku. Ulifungwa siku msichana anapotolewa ndani, siku ya ndoa yake, na siku anapotoka nje na mtoto wake wa kwanza. Siku hiyo ya tatu aliruhusiwa kuongeza kipande chake, urefu wa kidole, kwa shanga alizochagua mwenyewe. Siku nyingine zote mtungo ulilala ndani ya kopo la majani ya chai, umeviringishwa kitambaa, umedondoshewa mafuta ya nyonyo ili uzi usikauke.

Bibi alipomfunga msichana, kwanza aliupitisha mtungo katikati ya vidole vyake, taratibu, na kwa kila kipande alichogusa alitaja jina la mwanamke aliyekitunga. Alianza na mama wa bibi yake, akashuka kizazi kwa kizazi, akajitaja mwenyewe, akamalizia na mama yangu. Hakuangalia. Hata enzi macho yake yakiwa mazima hakuangalia. Shanga za kioo za zamani hazilingani: moja nene, nyingine imechongoka, nyingine tundu lake limekaa upande, na kila mwanamke alichagua kwa jicho lake. Vidole vya bibi vilijua vimeingia kwa nani na vimetoka kwa nani. Majina yenyewe siyaandiki hapa.

Mimi mtungo huo niliukataa. Zamu yangu ilipofika nilikuwa kidato cha pili, kichwa kimejaa baiolojia, nikamwambia mama kwamba mambo ya kufungwa ushanga ni ya washamba. Mama alilia. Bibi hakulia wala hakugomba. Alilirudisha kopo juu ya kabati, akasema basi, litamngoja mdogo wako. Mdogo wangu wakati huo alikuwa anang'oka meno ya utoto. Tangu siku hiyo ilijulikana nyumbani kwamba mtungo ule ni wake.

Nyumbani kulikuwa Kilosa, karibu na stesheni, kwa sababu baba alikuwa fundi wa reli. Ukaja wakati wa kupunguza watu kazini, na baba akawa miongoni mwa waliopewa barua. Kiinua mgongo chake alikinunulia mashine ya kusaga, mashine ikaharibika, naye akashinda siku nzima kwenye benchi la stesheni akizisikiliza treni na kuwaambia wapita njia behewa gani lina gurudumu bovu. Hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Mashamba ya mkonge upande wa Kimamba yalikuwa yamegeuka vichaka. Madukani, ambako utotoni tulipanga foleni ya sabuni, sasa kulikuwa na kila kitu duniani, na sisi hatukuwa na cha kununulia.

Katika hicho kila kitu kulikuwa na shanga. Ziliingia kwa magunia, za plastiki, rangi zote, zinalingana kama punje za mchele wa kiwandani, na muuzaji alizipima kwa kikombe cha kahawa. Bibi alizitia mkononi mara moja sokoni, akazirudisha. Alisema hazina uzito wala baridi. Mimi niliziona ni baraka, maana nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo sitayazungumzia, na kitu pekee nilichokuwa nacho ni mikono. Nilikwenda Mikumi, nikapanga chumba, nikafungua kibanda kando ya barabara kuu, pale magari ya watalii yanaposimama kuweka mafuta na kununua soda. Nilitunga bangili, hereni, vishikio vya funguo. Nilitunga vizuri. Hilo nalisema bila kujivuna, kwa sababu nililipata kwa bibi, niliyekaa miguuni pake tangu natambaa nikimwokotea zilizodondoka.

Mteja wangu wa mara kwa mara alikuwa mzungu mmoja wa kujitolea, dada wa makamo, aliyekuwa kwenye mradi wa visima. Muda wake ulipokaribia kwisha akaniambia atanifungulia ukurasa kwenye intaneti, ili watu wa kwao wanunue kazi zangu bila kupanda ndege. Oda na pesa zitapita kwake, mimi nitatuma mizigo kwa posta. Sikuelewa nusu ya aliyoyasema, lakini niliitikia yote. Alitaka picha nzuri za kazi zangu, na akauliza kama nyumbani tuna kitu cha zamani, cha kuonyesha kwamba ufundi huu una asili yake.

Tukaenda Kilosa. Kamera yake ilikuwa ile ndogo ya kuonyesha picha hapo hapo, na watoto wa jirani walijaa uani. Nikaingia chumbani kwa bibi.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Naomba lile kopo. Kuna mgeni anapiga picha za shanga."

"Picha tu?"

"Picha tu, Bibi."

"Basi usitoke nazo nje ya ua."

Sikutoka nazo nje ya ua. Nilisimama penye mwanga, karibu na kamba ya kuanikia nguo, na kwa kuwa mgeni alikuwa anangoja na mimi nilitaka kupendeza, nikauzungusha mtungo shingoni, raundi mbili. Mama alitoka na sinia ya chai, akaniona, akageuka akarudi ndani na chai yake. Mgeni aliuliza kama mama anaumwa. Nikasema hapana, ni haya tu ya wazee.

Kwenye ukurasa picha zilipewa namba. Ile ilikuwa ya saba.

Mikumi mjini kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu mwenye kompyuta moja na laini ya simu, kwenye chumba cha kupiga chapa. Nilikwenda kwake Jumanne na Ijumaa. Siku aliponifungulia ukurasa wangu kwa mara ya kwanza, picha zilishuka polepole, ukanda kwa ukanda. Kwanza nywele zangu, kisha paji la uso, kidevu, ndipo shingo. Nilifurahi mno. Sijawahi kuiona sura yangu kwa furaha ile tena.

Oda zilikuja kidogo kidogo. Mteja mmoja, mama wa nchi ya baridi, alinunua bangili sita, na zilipomfikia akaandika barua. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, kwa hiyo mwalimu alinisomea.

"Anasema hajaona kazi safi kama hii. Anasema wewe ni msanii."

Nilimwomba mwalimu aichapishe, nikaibandika ukutani juu ya kitanda. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimefeli, sina baba, nauza vishikio vya funguo kwa watu walioshuka kwenye gari kutafuta choo, na mtu wa dunia nyingine kabisa ameniita msanii. Nililala nikiitazama hiyo karatasi.

Mama yule yule ndiye aliyeagiza namba saba.

Hapa nataka nieleweke. Sikuwa na nia mbaya. Sisi tulikua tunajua picha ya fundi ni sampuli. Kwa fundi cherehani kuna picha za magauni ukutani. Unanyoosha kidole, unapimwa, unashonewa la kwako. Hakuna mtu aliyewahi kwenda kwa kinyozi akadai apewe kichwa cha kwenye bango. Kwa hiyo nilipoambiwa namba saba, nilikaa chini nikatunga namba saba, nyekundu, nyeupe na buluu, kipande kwa kipande, kwa plastiki mpya inayong'aa, kwenye mshipi mpya wa kuvulia samaki. Nikaona hata nimemwongezea, maana changu kilikuwa kipya. Nikatuma.

Wiki zikapita. Ijumaa moja nikamkuta mwalimu amekwishaifungua barua, ameisoma peke yake, na amevua miwani.

"Kaa," akaniambia.

"Mwalimu, shikamoo. Kuna nini?"

"Marahaba. Anasema umemdanganya. Anasema kwenye picha ni kioo cha zamani, anazijua, na wewe umempelekea plastiki. Anasema alikuamini. Ametumia neno baya kidogo."

"Neno gani?"

"Mlaghai."

"Mwambie ile ilikuwa sampuli."

"Nitamwambia. Lakini wenzetu hawaendi hivyo. Ukiweka picha ya kitu, kwao hicho ndicho unachouza."

"Hicho hakiuzwi."

"Basi mwambie hivyo hivyo, hakiuzwi, ni cha bibi yako. Umrudishie pesa yake, mambo yaishe." Alivaa miwani, akaweka vidole tayari. "Nimwandikie?"

Mara nyingi nimerudi kwenye kiti kile. Mlango ulikuwa wazi, na mzee wa watu alikuwa amenishikia. Ningeweza kudanganya hapa niseme nilibanwa na ada ya mdogo wangu, au kodi ya chumba, na msomaji angenihurumia. Si kweli. Pesa ningeipata. Kilichonishinda ni lile neno. Sikuweza kuvumilia kuitwa mlaghai na mtu ambaye sitamwona maisha yangu yote, na ili alifute nikaamua kumlaghai mtu niliyekunywa naye uji kila asubuhi tangu nazaliwa.

"Mwambie nimekosea mzigo," nikasema. "Mwambie nitamtumia wenyewe."

Mwalimu alinitazama juu ya miwani. Kisha akaandika.

Wakati huo ilibaki miezi miwili mdogo wangu atolewe ndani. Nilikwenda Kilosa nikajifanya nimekuja kusaidia maandalizi. Macho ya bibi yalikuwa yamefungwa na mtoto wa jicho. Alitambua watu kwa mwendo na kwa kikohozi. Nilikaa kitandani kwake nikamwambia uzi wa mtungo umechoka, na ukikatika siku yenyewe itakuwa aibu mbele ya wageni. Nilimwambia niachie niende nao Mikumi, nina mishipi imara, nitautunga upya vile vile ulivyo.

Uzi ulikuwa umechoka kweli. Hilo ndilo lililofanya uongo wangu uwe mwepesi.

Bibi alinyoosha mkono akanitafuta uso, akanipapasa shavu. "Nilikuwa nataka nikuombe mwenyewe," akasema, "nikaona nitakuudhi. Uliukataa ukiwa mtoto. Sasa umeurudia."

Akanipa kopo kwa mikono miwili. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini haikupasuka, nikalipokea.

Kazi ile niliifanya siku tatu, nimefunga kibanda na kuwaambia jirani naumwa. Kwanza niliufumua mtungo, kipande baada ya kipande, nikaweka kila cha mwanamke kwenye kisosi chake. Shanga zilikuwa baridi ingawa chumba changu cha bati kilikuwa kinachemka. Nilipofika kwenye kipande cha mama yangu niligundua alikuwa ametia ushanga mmoja mdogo wa kijani, katikati ya nyeupe zote, na hakuwahi kuniambia kwa nini. Nikaupeleka ng'ambo pamoja na nyingine zote.

Kisha nikatunga wa bandia. Nilizisugua shanga za plastiki kwa majivu na maji mpaka zikaacha kung'aa. Nyeupe nilizichemsha kwenye majani ya chai zikawa na rangi ya jino la mtu mzima. Zote nikazipaka mafuta ya nyonyo, nikazilaza kwenye kitambaa kile kile zinywe harufu. Nikabakiza kipande kimoja tu cha kweli, kile cha kwanza kabisa, cha mama wa bibi yake bibi, nikakiweka mwanzoni ambako vidole vyake vingeanzia. Zile za kweli zilizobaki nilimtungia mteja upya, na mahali pa kile kipande nilitia shanga za kioo nilizochomoa kutoka vipande vingine. Nikikaa nikifikiri bila kujionea huruma, hiyo ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya kwa mikono yangu.

Mizigo ya thamani nilikuwa naituma kwa posta ya Kilosa, kwa hiyo nilipanda basi na mitungo miwili kwenye mkoba mmoja. Nyuma yetu, upande wa Kidodi, malori ya miwa yalikuwa yanapiga honi, na vumbi la njiani lilitupaka sote rangi moja. Niliteremkia posta. Karani aliniuliza ndani kuna nini, nikasema mapambo, akaandika mapambo, akagonga muhuri. Kutoka pale mpaka nyumbani ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Nilikuta bibi anapepeta mchele kwa mazoea ya mikono.

"Bibi, nimekuletea."

"Umemaliza? Haya, rudisha kwenye kopo."

"Hutaki kuushika?"

"Umeutunga wewe, niushike wa nini? Nitaushika siku yake."

Nikaurudisha. Nilipata nafuu, na naona aibu zaidi kwa nafuu ile kuliko kwa mambo mengine.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe, mwalimu alinichapishia picha iliyotoka kwa yule mama. Amekaa mezani na wenzake, mbele yao kuna keki, na shingoni amevaa mtungo, raundi mbili, kama nilivyomfundisha mimi mwenyewe kwenye picha ya saba. Alikuwa anacheka. Kiuno cha wazee wangu wote kilikuwa kwenye meza ya watu wanaokula keki. Siwezi kumlaumu, hakujua. Alikuwa ameandika kwamba shanga zina harufu kama ya karanga, ni mafuta gani yale, na kwamba alikosea kunihukumu. Mimi ni msanii kweli. Nilifika chumbani nikaibandua ile barua ya kwanza ukutani. Hii ya pili sikuibandika.

Siku ya kumtoa mdogo wangu tuliamka alfajiri. Chumbani kwa bibi tulikuwa wanawake tupu: mama, mama wadogo wawili, na ndugu wachache waliotoka Mamboya na Kisanga. Mdogo wangu alikaa mkekani katikati, amenyolewa, amefungwa khanga, anajizuia kucheka kwa sababu mama mdogo mmoja alikuwa anamtania kwamba kwa wiki alizokaa ndani amenenepa mpaka mtungo hautamtosha. Nilikaa karibu na mlango. Mikono yangu niliikalia.

Bibi aliletewa kigoda. Mama akafungua kopo, harufu ya mafuta ikatoka, mmoja wa ndugu akavuta pumzi akasema, hiyo hiyo. Bibi akaupokea mtungo. Akaushika mwanzo, akaupitisha kipande cha kwanza, akataja jina. Wanawake wakaitikia. Mdogo wangu akainamisha kichwa.

Vidole vikaendelea. Vikaenda kidogo, vikasimama. Vikarudi nyuma mpaka kwenye kioo, vikaja tena mbele taratibu, na niliviona vinapapasa kama vya mtu anayetafuta swichi ya taa kwenye nyumba aliyoizoea. Hakukuwa na cha kushika. Plastiki inalingana, ilimteleza tu, moja kama nyingine, kutoka kwa bibi yake mpaka kwa mama yangu. Rangi nilikuwa nimezipanga sawasawa kabisa, kwa ajili ya mtu ambaye haoni.

Mama akadhani bibi amesahau, akainama kumnong'oneza jina la pili. Bibi akainua kiganja kumzuia. Akageuza uso kuelekea mlangoni, kwangu. Nilikuwa sijakohoa, sijasogea, sijui alinijuaje. Alikaa hivyo muda ambao mpaka leo sijaumaliza.

Kisha akaulaza mtungo mapajani, akaufunika kwa mikono yote miwili isiyosogea, akataja majina. Yote, kwa mpangilio, bila kugusa ushanga hata mmoja. La bibi yake. La mama yake. La kwake. La mama yangu. Wanawake wakaitikia kila moja, wakavuta pumzi ili wapige vigelegele, maana hapo ndipo panapoishia.

Bibi hakuishia hapo. Alinyanyua mkono, akauweka mwanzo wa zile plastiki, akaupeleka mpaka mwisho, akataja jina langu.

Vigelegele vikapasua paa. Sikuwa na mtoto wakati ule, wala sikujaliwa baadaye, kwa hiyo kwa utaratibu jina langu halikupaswa kuwemo kabisa. Wote waliona ni heshima ya ajabu kwa mjukuu aliyeutunga upya uzi. Mama alinijia akilia kwa furaha, akanikumbatia, akaniambia sikioni, "Amekusamehe. Umeona? Amekusamehe ile siku uliyoukataa."

Nikaitikia kwa kichwa.

Bibi akamfunga mdogo wangu ule mtungo. Mdogo wangu akashtuka kwa ubaridi wa mafuta, akacheka, sote tukacheka.

Bibi hakuwahi kunisema. Nilimngoja aniite peke yangu. Kila nikienda Kilosa nilijiandaa kwa maneno ya kumwambia. Nikimsalimia shikamoo aliitika marahaba, akaniuliza habari za Mikumi, akaniuliza kama wateja wapo. Hakulitaja kopo tena mbele yangu. Alifariki masika yaliyofuata, mto umejaa na barabara imekatika, nikafika siku mbili baada ya mazishi na kukuta wanawake waliomwosha wamekwishaondoka.

Nilijaribu kuurudisha. Mwalimu, aliyekuwa ameelewa yote bila kuambiwa, aliniandikia yule mama barua tatu bila malipo, nikiomba niununue mtungo kwa bei yoyote. Barua ya tatu ilijibiwa. Alisikitika sana. Mtungo ulikuwa umekatika kwenye karamu, fundo liliachia, shanga zikatawanyika sakafuni. Waliziokota zile walizoweza kuziona, na kwa kuwa ni nzuri mno kutupwa, aliwatengenezea binti zake watatu hereni. Fundo lilikuwa langu. Muda mfupi baadaye yule dada wa visima aliacha kuushughulikia ukurasa, na siku moja mwalimu alipoufungua haukufunguka. Nilirudi kwenye vishikio vya funguo.

Sasa kopo liko kwangu, juu ya kabati. Tangu simu ya mdogo wangu nimelishusha mara tatu. Nimefumba macho nikaupitisha mtungo. Mwanzoni kuna kile kipande cha kweli, baridi, chenye vituta. Mwishoni kuna kipande alichoongeza mdogo wangu alipojifungua. Katikati hapo kote vidole vinateleza tu, na plastiki haijachakaa hata kidogo, itatuzika sote.

Bibi aliyafunika kwa mikono yake akanisitiri. Mimi sitaweza kuyafunika. Sina mikono kama ile. Mwezi wa sita nitakaa kwenye kigoda, nitataja jina la kwanza, wataitikia. Kisha nitafika kwangu, kwenye zile plastiki, na nitakaa kwangu muda mrefu sana, mpaka waanze kutazamana. Watayangoja majina mengine. Watakapouliza yako wapi, nitawaambia yananing'inia masikioni mwa wasichana watatu wasioyajua.